Mama Mdogo na Wasafiri Wasiosikia Amri

Mama yangu mdogo havai bangili, hapaki rangi kucha, na blauzi zake zote ni za rangi moja iliyopoa: maziwa, kijivu, bluu ya mbingu. Hakuna yenye ua wala mstari. Mama yangu, ambaye ni dada yake mkubwa, hachoki kumtania. "Wewe kila siku kama umetoka zamu ya hospitali," humwambia. "Hata kwenye harusi yangu watu waliniuliza, yule muuguzi kaja, kwani nani anaumwa?" Mama mdogo hucheka mpaka akajishika mbavu, na kesho yake huvaa blauzi ileile. Ni mkalimani wa lugha ya alama. Mikono yake ndiyo kazi yake, na anataka kila kidole kionekane.

Nimemwona akifanya kazi hospitalini, mahakamani na kwenye mikutano ya wazazi shuleni. Popote anapoingia, jambo lake la kwanza ni kutafuta mahali pa kusimama. Wengi hudhani mkalimani hukaa karibu na kiziwi. Sivyo. Husimama bega kwa bega na yule anayesema, uso akiwaelekezea wasiosikia, ili wamwone msemaji na maneno yake kwa mtazamo mmoja. Amesimama hivyo kando ya mahakimu, kando ya madaktari, hata kando ya bwana harusi mmoja aliyetokwa jasho kiasi kwamba ilibidi ampe leso.

Kazi hii alizaliwa ndani yake. Kaka yao, mjomba wangu, hasikii tangu utotoni. Walipokuwa wadogo, wakati wa chakula cha jioni nyumba nzima ilizungumza na kuangua vicheko, na mjomba alikuwa akimgusa huyu na yule mkono, akiuliza wamesema nini. "Hamna kitu," walimjibu. "Tutakuambia baadaye." Baadaye haikufika. Siku moja mjomba aliacha sahani yake akatoka nje. Mama mdogo, msichana wa shule ya msingi wakati huo, alimfuata, akakaa naye kwenye ngazi na kumweleza mazungumzo yote, pamoja na utani, pamoja na neno baya ambalo shangazi yao alilisema kuhusu jirani. Mjomba alicheka peke yake pale nje, wenzake wakiwa wameshasahau walichokicheka. Tangu hapo mama mdogo hajawahi kumpunguzia kiziwi neno hata moja. Daktari akimnong'oneza, "Hilo usimwambie," yeye hutafsiri na huo mnong'ono.

Ndiyo maana chama cha mafundi viatu viziwi wa mji wetu kilipoalikwa nchi jirani kwa mafunzo ya mashine ya kushonea soli, hakuna aliyeuliza nani atakwenda nao.

Wasafiri walikuwa watatu. Kiongozi wao ni mzee tunayemwita Babu Gundi, kwa sababu vidole vyake havijawahi kutakata gundi tangu nimjue. Ni mcheshi, mbishi, na hakubali kushindwa drafti. Wa pili ni binti mmoja aliyekuwa ameolewa mwezi uliotangulia, na kwa hiyo wenzake wakambatiza Bibi Harusi. Mumewe ni mwashi, naye pia hasikii. Wa tatu ni kijana mrefu kupita milango, jina lake Mrefu, anayependa kioo kuliko chakula.

Nchi ile ilikuwa inasubiri matokeo ya uchaguzi. Mama alipiga simu, nami nilikuwa nimekaa karibu nikisikia.

"Usiende. Redio nzima ni hilo tu."

"Dada, nimesikia."

"Umesikia, halafu?"

"Nimesikia mimi. Wao hawasikii, na Babu Gundi keshafunga begi."

"Mwambie alifungue!"

"Mwambie wewe. Mimi nitakutafsiria."

Mama akakata simu, jambo ambalo nyumbani kwetu hutokea mara chache kama mvua ya mawe.

Msidhani mama mdogo alikwenda kichwakichwa. Aliuarifu ubalozi wetu kwamba wapo na watafikia wapi. Alitoa nakala za pasipoti zao na kutuachia sisi. Aliulizia rangi za vyama vya kule, na alipojua kwamba kimoja kinatumia kijani, shati zuri kuliko yote la Mrefu likabaki nyumbani. Kijana alinuna njia nzima. Mama mdogo alikata kadi kutoka kwenye maboksi ya viatu, zivaliwe shingoni kwa uzi, kila moja ikiwa na maandishi makubwa: MIMI NI KIZIWI. NIONESHE KWA MKONO.

Alichokiogopa kilikuwa kimoja tu. Askari akisema "Simama!", mwenye masikio husimama. Kiziwi huendelea kutembea, na mwenye bunduki huona mtu anayekaidi. Kadi ya shingoni haisomeki kwa nyuma. Mama mdogo alikuwa amewapeleka watu watatu mahali ambapo neno moja wasilolisikia lingeweza kuwaua.

Siku za kwanza zilikuwa shwari. Asubuhi walikwenda chuoni kwa miguu, wakashona soli mpaka alasiri, wakarudi nyumba ya wageni iliyokuwa na baraza la mbao kwa mbele. Kwenye korido ya nyumba hiyo mama mdogo aliwafundisha kutembea. Viziwi huitana kwa kugusana bega. Yeye akaifanya desturi hiyo kuwa kamba. Walijipanga mstari, kila mmoja mkono begani kwa aliye mbele, yeye akiwa wa mwisho ili masikio yake yalinde migongo yao wote. Akibana bega la mbele yake, mbano unapita kutoka bega hadi bega, na wote wanasimama mikono wazi. Babu Gundi alikataa kwanza.

"Nimekuwa treni?" aliuliza kwa mikono.

"Wewe ndiwe injini," mama mdogo akamjibu.

Akaridhika, akaenda mbele.

Matokeo yalitangazwa wakiwa chuoni. Hapa ndipo mama mdogo huanza kusimulia polepole, kama mtu anayeshika chombo cha udongo. Anasema yeye, mwenye masikio, ndiye aliyekuwa wa mwisho kujua. Bibi Harusi alikuwa ameweka kiganja mezani akisubiri gundi ikauke. Ghafla akainua uso. "Kuna kitu kizito kinakuja," akasema. Babu Gundi akagusa kioo cha dirisha kwa ncha za vidole, akatikisa kichwa kukubali. Mama mdogo alisikiliza na hakusikia lolote isipokuwa mashine. Muda ukapita, kisha ndipo alipousikia mngurumo wa magari ya deraya yakiingia mjini, na baada yake milio ya risasi mbali, mtaa baada ya mtaa.

Walitoka na kujipanga. Mtaa ulikuwa umejaa viatu vilivyoachwa na watu waliokimbia. Babu Gundi, kwa mazoea ya kazi, aliviangalia kimoja kimoja kana kwamba vimeletwa kutengenezwa. Moshi wa mabomu ya machozi ulikuwa ukining'inia juu ya maduka yaliyofungwa. Walipovuka mzunguko wa barabara, sauti ikapasuka nyuma yao.

"Nyie! Simama hapohapo!"

Mama mdogo akabana bega la Mrefu. Anasema ule muda mfupi kabla mbano haujafika mbele ulikuwa mrefu kuliko safari nzima. Kisha mstari wote ukasimama kwa pamoja, mikono wazi, kama watu wenye mwili mmoja. Askari alikuja akiwazunguka, akasoma kadi ya Babu Gundi, akawatazama wengine.

"Wote hawa hawasikii?"

"Wote, isipokuwa mimi."

"Sasa wamesimamaje?"

Mama mdogo akabana tena bega la Mrefu kumwonesha. Askari akatikisa kichwa, akawaashiria kwa bunduki waende zao.

Katika nyumba ya wageni mwenye nyumba, mama mmoja mnene mwenye huruma na woga kwa kiasi kilekile, aliwapa masharti. Mitandao ya simu ilikuwa imezimwa. Kuanzia jua likitua, hakuna kutoka, na hakuna taa kwenye vyumba vinavyotazama barabara. Katika uchaguzi uliopita nyumba ya jirani ilipigwa risasi kwa sababu ya taa. Mama mdogo alitafsiri yote hayo, akarudia, akamfanya kila mmoja amrudishie kwa mikono yake mwenyewe.

"Nimeelewa," alisema Babu Gundi. "Mimi si mtoto."

Lakini kuna mambo ambayo mwili hufanya bila kuuliza ruhusa. Mwenye masikio akitaka kumwita mtu aliye upande wa pili wa chumba, humwita jina. Kiziwi huenda kwenye swichi. Taa ikizimwa na kuwashwa, kila aliyemo hugeuka. Babu Gundi aliitwa hivyo na mama yake akiwa mtoto, na amewaita watu hivyo maisha yake yote.

Jioni ile, mwanga ukiwa unafifia, mama mdogo na mwenye nyumba walikuwa jikoni nyuma wakipakua. Bibi Harusi alikuwa akipanga sahani. Mrefu alikuwa sebuleni, upande wa barabara, amewapa wote mgongo, akichana nywele mbele ya kioo kwa mwanga wa mwisho wa dirisha. Chakula kikawa tayari. Babu Gundi akaingia sebuleni kumwita. Akapeleka mkono ukutani. Taa ikawaka, ikazima. Ikawaka, ikazima. Ikawaka, ikazima.

Mrefu akageuka na kumwona mzee amesimama na mkono kwenye swichi, mdomo wazi, amekumbuka.

Geti likatikiswa kabla mama mdogo hajaweka mwiko chini.

Waliingia askari wengi, na mbele yao afande mmoja aliyekuwa na macho mekundu ya kukosa usingizi. Waliwatoa wote nje hadi barazani, wao wenyewe wakasimama uani chini, bunduki zikielekea juu.

"Mikono juu! Nani alikuwa anatoa ishara?"

Mama mdogo na mwenye nyumba wakainua mikono, na wale watatu, walipowaona, wakainua ya kwao.

"Afande, hawa ni viziwi. Hawakutoa ishara kwa mtu wa nje. Walikuwa wanaitana kula."

"Viziwi," afande alisema. "Nchi inaungua, viziwi wamekuja kutalii. Waambie wageukie ukuta."

"Naomba nishushe mikono niwaambie."

"Usishushe!"

Basi akawaambia kwa uso. Akainua nyusi mpaka juu, akawatazama mmoja baada ya mwingine, akasogeza kidevu kuelekea ukutani. Wakageuka. Mwenye nyumba alikuwa akisali kwa kunong'ona.

Afande akamwashiria askari mmoja. Huyo akapanda barazani kwa kunyata, akasimama nyuma yao, karibu na Bibi Harusi aliyekuwa pekupeku, akapiga kitako cha bunduki kwa nguvu kwenye mbao.

Mrefu hakutikisika. Babu Gundi hakutikisika. Bibi Harusi akageuza kichwa.

"Aha!" afande akasema, na bunduki zote zikahamia kwa yule binti. "Kiziwi gani huyo anageuka? Mteremsheni huyo."

Mama mdogo anasema wakati huo alielewa kwamba hakuna maelezo yake yatakayotosha. Angesema nini? Kwamba miguu inasikia? Afande alikuwa anataka jibu kutoka kwao, na majibu yao yalikuwa kwenye mikono iliyoamriwa kukaa juu. Kwa hiyo akafanya lile analolifanya siku zote anapoingia chumbani. Akatafuta mahali pa kusimama.

"Afande," alisema, "hawa wanaongea kwa mikono. Ukiwaambia mikono juu, umewaziba midomo. Waulize wenyewe. Lakini ili wakuelewe, inabidi mimi nisimame hapo ulipo wewe."

"Hapa wapi?"

"Hapo. Begani kwako."

Hakungoja ruhusa iliyo kamili. Alishuka ngazi za baraza, mikono juu, akatembea kuelekea kwenye mitutu ya bunduki, taratibu, hatua ya mtu anayevuka sakafu iliyomwagikiwa maji. Askari mmoja akamwambia asimame. Afande akainua kidole, huyo akanyamaza. Mama mdogo akafika, akageuka, akasimama bega kwa bega na yule mtu mwenye bastola, na akawatazama watu wake kutoka pale bunduki zilipokuwa zinawatazama.

Nikimwuliza alihisi nini, hujibu kwamba alihisi harufu ya jasho la afande, na kwamba alimwonea huruma.

"Sasa waruhusu wageuke," alisema. "Na uzungumze nao wao, usizungumze na mimi."

Wakageuzwa. Afande akakohoa, akaanza, na mikono ya mama mdogo ikaanza pamoja naye. Aliuliza nani aliwasha taa. Akaona nyuso tatu zikibadilika papo hapo kwa maneno yake mwenyewe, bila sauti, ng'ambo ya uwanja. Akasita katikati ya sentensi, na mikono iliyokuwa kando yake ikasita. Akaendelea, nayo ikaendelea. Askari wake walianza kuitazama mikono ile badala ya kuwatazama washukiwa.

Babu Gundi akashusha mikono yake polepole na kujibu. Mwanzoni alieleza vizuri: swichi, mama yake, chakula, kijana anayejipenda. Kisha akamtazama Bibi Harusi, aliyekuwa analia na askari amemshika mkono, na hasira ikampanda. Mikono yake ikaongeza kasi. Hata asiyejua alama aliona kwamba mzee sasa anagomba.

"Punguza, dada," mwenye nyumba alinong'ona kwa sauti kutoka barazani. "Chochote anachosema, punguza!"

Mama mdogo hakupunguza.

"Anasema," alitamka kwa sauti ileile ya mahakamani, "mwanangu, umekuja na buti zote hizi, umegonga mbao ambazo tumezikanyaga, halafu unashangaa mtoto wa watu akigeuka. Hata kiti kingegeuka. Sisi tunasikia kwa nyayo. Mteremshe kwenye udongo ugonge tena mpaka uchoke. Na anasema, taa niliyowasha ilikuwa moja, nikimwita mtu kula. Wewe umeitikia na bunduki zote hizi, na hatukukuwekea sahani."

Askari mmoja wa nyuma alipatwa na kikohozi kilichofanana sana na kicheko.

Afande akamgeukia mama mdogo, uso kwa uso, kwa ukaribu ule wa watu waliosimama bega kwa bega.

"Amesema hivyo kweli?"

"Amesema hivyo."

"Anajua naweza kumfanya nini?"

Mikono ya mama mdogo ikalipeleka swali. Babu Gundi akalijibu kwa alama chache.

"Anasema anajua. Ndiyo maana alishusha mikono taratibu."

Afande akamwambia askari amwachie yule binti. Akaamuru ateremshwe udongoni, ageuke, na mtu agonge chini nyuma yake. Askari akagonga, Bibi Harusi akaendelea kufuta machozi akitazama ua. Afande akashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo.

"Waambie," alisema, na safari hii alikuwa anawatazama wao, "kesho barabara ya mpakani itafunguliwa asubuhi. Waondoke. Na swichi hiyo waifunge kwa kitambaa."

Akageuka kwenda. Kisha akarudi hatua moja. "Mwambie mzee chakula kisipoe."

Geti lilipofungwa, mama mdogo alitaka kuwaambia kitu na hakuweza. Mikono ilikuwa inamtetemeka, na mikono inayotetemeka ni kigugumizi. Hakuna alama iliyokamilika. Babu Gundi akamshika yote miwili ndani ya viganja vyake vyenye gundi, akaituliza mpaka ikanyamaza.

Asubuhi waliondoka na gari lililokuwa likiwapeleka wageni mpakani. Mama, mume wa Bibi Harusi na mimi tulikuwa tumefika upande wetu tangu jana yake, kwa sababu simu zao hazikuwa zinaingia na mama alikuwa haketi wala halali.

Nilikuwa sijawahi kuona mpaka. Nilidhani ni mstari. Kumbe ni lango hapa, lango kule, na katikati kipande kirefu cha lami ambacho hakuna anayeruhusiwa kukikanyaga. Malango yote mawili yalikuwa yamefungwa. Ng'ambo ya pili watu walikuwa wamejaa mpaka kwenye paa za magari, na upande wetu walikuwa ndugu zao, na kila mtu alikuwa anapiga kelele. Wanaita majina. Wanauliza, "Mama yuko?" "Mtoto umempata?" Sauti za kule na za huku zilikutana juu ya lami ile zikawa kishindo kimoja ambacho hakikuwa na neno hata moja ndani yake. Maofisa wetu walikuwa wakimpungia mkono ofisa wa kule, naye akipunga, na hakuna aliyemwelewa mwenzake.

Mume wa Bibi Harusi akapanda juu ya ukuta mfupi. Akatazama ule umati wa mbali. Kisha nikamwona anaanza kuzungumza.

Nikafuata macho yake. Mbali kule, juu ya vichwa vyote, alionekana kijana mrefu amembeba mtu mabegani. Alikuwa Bibi Harusi. Mikono yake ilikuwa inaruka hewani, na mume wake anajibu, na yeye anajibu, kwa utulivu kabisa, kama watu waliokaa meza moja. Watu elfu na masikio yao walikuwa wanapasua koo bila kufika popote, na hawa wawili walikuwa wanaambiana kila kitu.

Mama akanishika mkono kwa nguvu. Yeye pia alikua na kaka asiyesikia. Alama anazijua, ingawa zimeota kutu.

"Wazima," alisema. "Wote wanne wazima. Anamwambia... anasema... ameshakula, na wewe umekula?" Akaanza kulia na kucheka kwa pamoja. "Mtu katoka kwenye risasi anauliza kama mume kala!"

Ofisa wetu mmoja alikuwa karibu. "Mama, unaelewa wanachosema?"

"Kidogo."

"Waulize wakubwa wa kule wanataka nini ili wafungue."

Na hivyo ndivyo lango lilivyofunguliwa. Ofisa wetu akamwambia mama, mama akamwonesha mwashi kwa alama zake za kutafuta-tafuta, mwashi akazirusha ng'ambo, Bibi Harusi akazipokea na kuziteremsha kwa mama mdogo, naye mama mdogo akazitamka. Wakati huo, bila shaka, alikuwa amesimama begani kwa mkubwa wa lango la kule. Jibu likarudi kwa njia ileile. Watapitishwa makundi kwa makundi, wenye watoto kwanza, mradi upande wetu uahidi kutomrudisha yeyote. Upande wetu ukaahidi, kwa mikono.

Watu waliokuwa karibu nasi walipoona hayo walianza kunyamaza. Ukimya ukasambaa, ukavuka. Kisha mwanamke mmoja akamvuta mama nguo. "Dada, niulizie kama mwanangu yuko. Ana kovu kwenye shavu." Mama akauliza. Jibu likaja: yupo, amekaa kivulini, anakusalimia. Mwanamke akaketi chini palepale. Wengine wakasogea.

Babu Gundi alivuka katika kundi la tatu, akilalamika kwamba gari halikuwa na mto. Mrefu akafuata na Bibi Harusi, na mwashi akashuka ukutani kwa kuruka. Sisi tukamtafuta mama mdogo nyuma yao. Hakuwepo. Wale watatu wamefika, kazi yake imekwisha, lakini upande wa kule kulikuwa na msururu mrefu mbele yake, watu asiowajua, kila mmoja na jina la mtu wake mdomoni.

Mama alipanda ukutani mwenyewe, kwa magoti yake yale yanayouma. "Rudi wewe!" alipaza sauti, kisha akainua mikono akasema tena, kwa alama kubwa za mtu aliyekasirika.

Mbali kule blauzi ya rangi ya maziwa ikageuka. Mikono ikainuka na kujibu, na mama akatutafsiria akiwa anajifuta macho.

"Anasema anakuja. Bado bibi mmoja tu."

Nyuma ya huyo bibi niliwaona wengine wamejipanga mpaka kwenye mlango wa forodha.